Uzi wa wapenzi wa riwaya za Kiswahili: taja kitabu kimoja ambacho ungemwekea mtu mkononi, na useme kwa nini

#1 – Mleta uzi, Mwanza

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kirumba, Mwanza. Tuna kikundi chetu cha kusoma, watu saba, tunakutana kila Jumapili saa tisa alasiri kwenye baraza ya kibanda changu. Cherehani nazifunika, mabenchi mawili yanatolewa nje, chai inachemka, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanasikiliza. Tunasoma kwa sauti kwa sababu nakala karibu kila mara ni moja tu.

Nimeona humu jukwaani, kila mtu akiuliza "nisome riwaya gani ya Kiswahili", anamiminiwa majina kumi, ishirini. Hakuna anayemwambia kitabu kilimfanya nini. Muulizaji anaondoka na orodha ndefu na hasomi hata kimoja. Naomba hapa tufanye hivi: kila mmoja ataje kitabu kimoja, kile ambacho ungemwekea mtu mkononi, kisha atuambie alikisomaje na kilimgusa wapi. Ukishindwa kuchagua taja viwili, ila visizidi hapo.

Naanza mimi. Changu ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe.

Najua wengi mmekiona na mkakirudisha kwenye rafu. Ni kirefu, kimegawanywa vitabu viwili, na jina lake peke yake linajaza jalada. Mzee Kitereza alikiandika kwa Kikerewe na kukimaliza mwaka 1945. Kwa Kikerewe hakupatikana wa kukichapa. Basi akakaa chini akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, neno kwa neno, na Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980. Hesabuni hapo: miaka 35 tangu aweke kalamu chini. Mwaka uliofuata, 1981, mzee akafariki. Kila nikikishika kitabu hiki naikumbuka ile miaka 35.

Kisa chenyewe ukikisimulia ni kifupi. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana, lakini hawajajaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno, mke wanamwona si kitu. Wazazi wa Bugonoka kusikia binti yao anatukanwa, wanamchukua wanarudi naye kwao. Myombekere anabaki na nyumba tupu. Anafunga safari kwenda kwa wakwe kuomba mkewe arudi, na wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi.

Sasa hapo kwenye pombe ndipo ninapotaka kuwapeleka. Mwandishi haandiki tu kwamba akapika pombe akaipeleka. Anakuchukua hatua kwa hatua, kurasa na kurasa, ndizi zinatoka wapi, nani anaitwa kusaidia, nini kinafanyika lini. Jumapili ile zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Nilipoona watu wameanza kusinzia nikasimama, nikauliza kama niziruke kurasa hizo twende mbele kwenye kisa.

Kikundini tuna bibi mmoja, mzaliwa wa Ukerewe, miaka sabini na kitu. Macho yake hayaoni tena herufi ndogo, kwa hiyo yeye huwa anasikiliza tu na mara nyingi hasemi kitu. Siku ile alisema: "Ukiiruka pombe, utajuaje huyu mwanamume amehangaika kiasi gani kwa ajili ya mke?"

Kisha akatueleza mwenyewe. Ndizi zinavundikwa shimoni siku kadhaa mpaka ziive, zinamenywa, zinakamuliwa kwa nyasi mpaka maji yake yatoke yote, maji yale yanatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yanafunikwa yachachuke. Akatuonesha kwa mikono namna nyasi zinavyosokotwa ndani ya ndizi, mikono yake inafanya kazi hewani kana kwamba chombo kiko pale mbele yake. Hakuna aliyesinzia tena. Tulizirudia zile kurasa tangu mwanzo.

Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba urefu wa kitabu kile ndio mapenzi yenyewe. Myombekere hamwambii Bugonoka maneno matamu. Anavundika ndizi, anaomba msaada wa majirani, anabeba mitungi. Ukisoma haraka humwoni kabisa.

Uzi tayari. Karibuni.

#2 – Dereva wa masafa, Dar–Tunduma

Dada fundi, naweka kambi hapa. Lakini nisaidie mwenzenu. Mimi tangu nimalize shule sijashika riwaya. Foleni ya mpakani Tunduma unaweza kukaa siku mbili ndani ya lori, simu inaisha chaji, mawazo yanakula. Hicho cha kurasa nyingi za pombe kitanishinda. Nianze na kitu gani kinachovuta?

#3 – Mwalimu, Likoni

Hamjambo nyote. Ndugu dereva, kabla sijataja changu nikujibu: mtafute Bwana Msa. Ni mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mtu wa kiko mdomoni na mawazo marefu, na kando yake yupo Najum, rafiki anayetusimulia. Anza na Mzimu wa Watu wa Kale. Kilishinda mashindano ya uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kikachapwa 1960. Wanamkuta mtu ameuawa mahali pa mizimu na kila mmoja pale kijijini ana la kuficha. Ni chepesi mkononi na kina Kiswahili cha kulamba vidole.

Changu sasa. Siku Njema cha marehemu Ken Walibora, 1996.

Nilikisoma nikiwa kidato cha pili, nikaficha tochi chini ya blanketi bwenini. Kongowea Mswahili anatoka Tanga akiwa hana mama tena, anavuka mpaka kumtafuta baba ambaye hamjui, mpaka magharibi ya Kenya huko Kapenguria. Mimi pia nililelewa bila baba. Kuna usiku niliifunga ile tochi nikalia, kisha nikaiwasha tena kwa sababu nilitaka kujua kama atampata. Nimekifundisha mara nyingi tangu hapo. Kila mwaka darasani kuna mtoto mmoja anayenyamaza ghafla tunapofika safari ile, na mimi humjua papo hapo.

Mwaka 2020 ulitutenda vibaya. Januari tulimpoteza mwandishi mwenzake Euphrase Kezilahabi, Aprili tukampoteza Walibora.

#4 – Mdau, Morogoro

Dereva, nyongeza kwa mwalimu. Ukitaka mwendo wa kasi zaidi, kuna jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba. Kufa na Kupona kilitoka 1974 na baba zetu walikuwa wanakopeshana mpaka kurasa zinaachana. Na kuna Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Dar es Salaam Usiku pia ni cha Mtobwa, ila hicho hakina upelelezi sana, ni maisha ya mjini na watu wanaolala mchana. Ukikimaliza hicho utataka vyote.

Changu mimi ni Kuli cha Adam Shafi. Babu yangu alikuwa hamali bandarini. Hakuwahi kunisimulia kitu zaidi ya kusema "kazi ilikuwa nzito". Nikasoma Kuli, mgomo wa makuli Zanzibar wa 1948, magunia, mabega, mishahara. Babu alikuwa ameshafariki. Nilitamani niwe nilikisoma kabla, nimwulize.

#5 – Mama wa Dodoma

Nimefurahia uzi. Lakini niseme wazi, kuna kitabu watu watakileta hapa muda si mrefu nacho ni Rosa Mistika cha Kezilahabi. Mimi ni mzazi wa mabinti wawili. Nilikianza, nikaishia katikati. Yale mambo ya wanaume, ya kutoa mimba, ya kujiua. Siwezi kumpa binti wa kidato cha tatu kitabu kama kile. Naomba mniambie kama nakosea, lakini mniambie kwa hoja.

#6 – Mleta uzi, Mwanza

Mama, shikamoo, na asante kwa kusema bila kuzunguka. Hujasema jipya. Kilipotoka mwaka 1971 kilizuiwa mashuleni kwa sababu hizohizo, na baadaye kikaruhusiwa na kikasomwa. Kwa hiyo hofu yako walikuwa nayo wakubwa wengi.

Nikueleze nilivyokisoma mimi, kisha utaamua. Nilikisoma nikiwa na umri wa binti yako, tena kwa kuiba, kwa sababu kilikuwa cha kaka yangu. Wakati ule nilichokiona ni hayohayo uliyoyataja. Nilikiogopa. Nimekirudia nikiwa mtu mzima, na safari hii nikamwona baba. Zakaria, mlevi, anayempiga Rosa mpaka amuumize kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa pale alikuwa bado hajafanya kitu chochote. Anakwenda shule akiwa hajui lolote kuhusu wanaume zaidi ya kwamba ni hatari na kwamba baba atampiga. Akikutana nao, hana pa kusimama. Kezilahabi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipoandika hayo, na aliyaandika akiwa na hasira na wazazi. Sidhani kama aliwaandikia mabinti kwanza.

Binti yangu yuko kidato cha nne. Sikumpa akasome peke yake. Tulikisoma wawili, yeye sura moja, mimi sura moja, jioni nikishona. Tulipofika kwenye barua na kipigo, akasimamisha kusoma akaniuliza: "Mama, wewe ungenipiga?" Nilisimamisha mashine. Tulizungumza mpaka usiku, mambo ambayo mimi na mama yangu hatukuwahi kuyagusa hata siku moja.

Kwa hiyo mama, hoja yangu ni hii: usimpe, kisome naye. Na kama huwezi kusoma naye, basi nakubaliana nawe, kisubiri kwanza.

#7 – Mama wa Dodoma

Sina cha kukujibu kwa sasa. Nitakitafuta nikimalize kwanza mimi mwenyewe.

#8 – Mtumba wa vitabu, Dar

Wakuu, mimi huuza vitabu vya zamani, kwa hiyo maoni yangu yanatoka kwenye mikono ya wateja. Kitu kinachoniuma ni hiki. Mtu akisikia jina la riwaya aliyoisoma kwa mtihani, uso unabadilika. "Ah, hicho nilikisoma shule." Anakirudisha. Ukimwuliza anakumbuka nini, anakutajia dhamira na wahusika wakuu, kama anajaza karatasi ya majibu. Kisa hakikumbuki.

Utengano cha Said Ahmed Mohamed ni mfano wangu. Kenya walikisoma kwa mtihani, huku pia kimefundishwa, na watu wamekifunga hapohapo. Mimi sikukisoma shule, nilikipata kwenye gunia la vitabu nikiwa na miaka thelathini. Ile nyumba ya Maksuudi, Maimuna amefungiwa ndani, haoni barabara wala watu, na anapotoka anatoka moja kwa moja kwenye mikono ya dunia isiyomhurumia. Sikulala. Nilikuwa najiuliza ni nyumba ngapi za mtaani kwetu zina dirisha kama lile.

Basi ushauri wangu kwa waliomaliza shule ni kurudia kitabu kimoja cha mtihani wakiwa hawana mtihani. Chochote.

#9 – Mtoto wa Unguja, Muscat

Assalaam aleikum. Nasoma huu uzi tangu jana na chai yangu imepoa mara tatu.

Mimi nimezaliwa huku Muscat, wazee wangu walitoka Unguja. Kiswahili nyumbani tunakisema, kukisoma ndiyo shida. Mama yangu anacho kitabu kimoja tu cha riwaya, kakibeba kwenye sanduku miaka yote hiyo: Nyota ya Rehema cha Mohamed Suleiman Mohamed, cha 1976. Rehema ni mtoto wa Fuad, tajiri wa Kiarabu, lakini kwa rangi yake babaake hamtaki. Msichana anateswa ndani ya nyumba ya babaake mwenyewe, anatoka, anakwenda kuishi na Sulubu, mtu wa jembe, kwenye kishamba. Na hicho kishamba nacho kinakuja kugombaniwa.

Nilipokuwa mdogo sikuelewa kwa nini mama akifika baadhi ya kurasa anafunga kitabu, anatazama nje. Sasa naelewa. Sisi huku kuna mambo ya kule nyumbani hatuyasemi mezani, nani alikuwa nani, nani alimwonaje nani. Kitabu kile kinayasema. Ndicho ningekiweka mkononi mwa yeyote wa huku mwenye wazee wa kule.

Na la pili, kwa ruhusa ya mleta uzi: Peponi cha Abdulrazak Gurnah. Kakiandika kwa Kiingereza, 1994, kapata Nobel 2021, na mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akakileta kwa Kiswahili. Nilishakisoma kwa Kiingereza kabla. Kwa Kiswahili nilihisi kama watu wa kile kitabu wamerudi kwao, wanasema kama walivyokuwa wakisema.

#10 – Dereva wa masafa, Dar–Tunduma

Wakuu, mrejesho. Mzimu wa Watu wa Kale nimekipata kwa mtumba, kimechakaa lakini kurasa zote zipo. Nimekisoma Tunduma siku moja na nusu. Nilikuwa namshuku mtu asiye. Wenzangu wawili wa foleni wamekichukua, mmoja anasoma mwingine anasubiri. Sasa nataka kinachofuata, na safari hii nipeni kigumu kidogo.

#11 – Mleta uzi, Mwanza

Hongera sana kaka. Umenifurahisha kuliko unavyodhani.

Kigumu kidogo? Kichwamaji cha Kezilahabi, 1974. Msimulizi ni Kazimoto, kijana wa chuo kikuu anayerudi kijijini na kuona hana tena pa kukaa, si kijijini, si chuoni. Kinaumiza na mwisho wake ni mzito, kwa hiyo usikisome siku ukiwa umechoka roho. Ila acha kwanza Nagona na Mzingile, vyake pia. Hivyo ni vyembamba, unaweza kudhani ni vya jioni moja, lakini njia ndani yake zinapotea. Sisi Nagona tulikisoma wiki sita na bado tunabishana.

Nirudi Ukerewe kidogo, kwa sababu kuna jambo limekaa moyoni mwangu na sijaona watu wakilisema vya kutosha. Kisiwa kile kimoja, unachokwenda kwa meli kutoka hapa Mwanza mpaka Nansio, kimetupa Kitereza, kimetupa Kezilahabi aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944, kimetupa na Gabriel Ruhumbika aliyeandika Miradi Bubu ya Wazalendo mwaka 1992. Na Ruhumbika huyohuyo ndiye aliyekitafsiri kitabu cha mzee Kitereza kwa Kiingereza, kikatoka 2002. Ona jinsi mkono mmoja ulivyoshika mwingine. Mtoto wa Ukerewe leo anayesoma darasa la sita ana babu watatu wa kalamu na huenda hajaambiwa.

Ukitaka kukiona kisiwa hicho kwa raha, soma Myombekere kwanza, kisha Rosa Mistika, kisha Gamba la Nyoka, cha Kezilahabi pia. Kisiwa ni kilekile, ziwa ni lilelile, na nyumba zinabadilika mbele ya macho yako. Kwa Kitereza, mke akitukanwa wazazi wake wanakuja kumchukua na mume anawajibika. Kwa Kezilahabi, Rosa akipigwa hakuna wa kuja kumchukua. Sisi tulivisoma kwa mpangilio huo bila kukusudia. Tulipofika katikati ya Rosa yule bibi wetu akauliza, "Sasa huyu mtoto, wajomba zake wako wapi?" Nadhani hilo ndilo swali la kitabu kizima, na mimi nilikuwa nimekisoma mara tatu bila kuliona.

Jambo lingine kwa wale wanaopenda kulinganisha. Chukueni Kufikirika cha Shaaban Robert, kilichotoka 1967 baada ya yeye kufariki. Humo kuna mfalme asiye na mtoto, na waganga wa kila aina wanaitwa. Mzee wa Tanga na mzee wa Ukerewe, mmoja pwani mmoja ziwani, wote wameandika juu ya nyumba isiyo na mtoto. Shaaban kamweka mfalme, na nchi nzima inatikisika. Kitereza kawaweka mume na mke wa kawaida, na kinachotikisika ni ukoo. Kwangu mimi Kitereza kanigusa zaidi, kwa sababu Bugonoka naye ana sauti. Analia, anajibu, anacheka na mumewe.

#12 – Mdau, Morogoro

Hapo kwa Shaaban Robert napinga kidogo, dada. Kufikirika ni fumbo, hakikuandikwa ili tumjue mke wa mfalme analiaje. Ni kama Kusadikika cha 1951: nchi inayoelea angani, Karama anashtakiwa kwa sababu anafundisha sheria, na anajitetea kwa kuwataja wajumbe waliotumwa pande sita na waliporudi wakafungwa. Ukitafuta watu wa nyama na damu humo utawakosa. Ukitafuta hoja ya nchi inayowaadhibu wanaoileta heri, utaipata, na utaipata kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyekifikia. Mimi Kusadikika nilikisoma nikiwa nimefukuzwa kazi kwa kusema ukweli kwenye kikao. Kilinishika mkono.

#13 – Mleta uzi, Mwanza

Nimekubali, mkuu. Hoja yako ni nzito kuliko yangu, na pole kwa kazi. Kusadikika tutakiweka baada ya hiki tunachosoma sasa.

#14 – Mwalimu, Likoni

Nina swali kwa mleta uzi. Mnapataje nakala? Huku mtu akitaka kitabu cha zamani cha Tanzania anazunguka hadi anachoka.

#15 – Mleta uzi, Mwanza

Mwalimu, hilo ndilo linalotusumbua kuliko yote.

Njia zetu ni nne tano. Maktaba ya mkoa ndiyo ya kwanza, na watu wanaisahau. Ukiandikishwa unaazima, na vya zamani vipo kuliko unavyofikiri. Pili wenye mitumba kama mdau namba nane hapo juu. Tatu mmoja wetu akisafiri kwenda Dar anapita duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) pale Samora, na wachapishaji Mkuki na Nyota nao wamerudisha baadhi sokoni, hicho Peponi ni chao. Vingine tumeazimwa na walimu wastaafu. Mwalimu mstaafu akijua unasoma kweli anafungua kabati lake lote.

Hapo kwenye kuazima niseme jambo lililonitokea. Nilikuwa na Dunia Uwanja wa Fujo cha Kezilahabi, nakala ya marehemu kaka yangu, jina lake limeandikwa kwa wino ukurasa wa kwanza. Nikamwazima mteja mmoja. Akahama mji nacho. Kitabu ningeweza kukitafuta kingine, lakini ule ukurasa wa kwanza hauko dukani. Tangu hapo tuna daftari: jina, tarehe, na kitabu kinafunikwa kwa karatasi ya kalenda kabla hakijatoka mlangoni. Karatasi za kalenda ni ngumu na hazipitishi jasho la mikono. Wenye vikundi, fanyeni hivyo mapema.

Na namna tunavyosoma, kwa kuwa wawili wameniuliza pembeni. Kurasa ishirini hivi kwa Jumapili. Anayesoma anabadilishwa kila akichoka. Neno likiwa gumu hatukimbilii kamusi, tunauliza kwanza aliyepo, kwa sababu mara nyingi yupo anayelijua kutoka kwao. Kamusi inakuja mwisho. Kuna maneno ya pwani kwenye Vuta n'kuvute cha Adam Shafi ambayo sisi wa ziwani tulikuwa tunayapita kama hatuyaoni, mpaka alipojiunga kijana mmoja wa Tanga anayeuza dagaa hapa sokoni. Yeye ndiye aliyetusomea sura za Yasmin na Mwajuma kwa sauti yao. Filamu yake ilipotoka, ya Amil Shivji ya 2021, tayari tulikuwa na sauti za kwetu vichwani.

#16 – Mtumba wa vitabu, Dar

Dada, niandikie pembeni. Dunia Uwanja wa Fujo ninayo nakala ya zamani. Jina la kaka yako halimo, lakini nitakutumia kwa basi bila malipo.

#17 – Mleta uzi, Mwanza

Mungu akubariki, kaka. Sina maneno. Nitaifunika kalenda ya mwaka huu.

#18 – Binti wa chuo, Iringa

Samahani wakubwa, nachelewa. Nyote mnataja vya wazee. Naomba nitaje cha karibuni: Mungu Hakopeshwi cha Zainab Alwi Baharoon. Kilipata tuzo ya Mabati-Cornell, ya fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili. Ni mwanamke anayeandika juu ya nyumba za Zanzibar kutoka ndani, baba mwenye mali na namna anavyowatendea wake na watoto. Nilikisoma nikiwa likizo nyumbani, nikamwachia mama. Mama alikimaliza kabla yangu, akaniambia: "Huyu aliyeandika amekaa jikoni."

Tusisubiri waandishi wafariki ndipo tuwataje.

#19 – Mleta uzi, Mwanza

Umesema kweli mwanangu, na nimekiandika kwenye daftari. Ni cha Oktoba.

#20 – Mtoto wa Unguja, Muscat

Nimerudi. Baada ya kusoma habari za yule bibi wa Ukerewe, Ijumaa nilimwambia mama anisomee Nyota ya Rehema kwa sauti, tangu mwanzo. Alikataa, akasema koo. Nikaanza mimi. Nasoma polepole, nakosea. Ukurasa wa pili alininyang'anya kitabu kwa sababu nilivyokuwa nikitamka vibaya hakustahamili.

Kasoma mpaka alasiri. Dadaangu alikuja na wanawe, wakakaa chini. Mdogo wa miaka minane aliuliza Ramwe ni wapi, na mama akaanza kumchorea kwa kidole juu ya zulia, barabara ile, mikarafuu huku, bahari huku.

#21 – Dereva wa masafa, Dar–Tunduma

Nipo Makambako, nimeegesha. Kichwamaji nimefika nusu. Dada fundi, kesho ni Jumapili. Nitafika Mwanza na mzigo Jumatano ijayo, nikikaa mpaka Jumapili yake naruhusiwa kuja kusikiliza?

#22 – Mleta uzi, Mwanza

Karibu sana kaka. Saa tisa kamili, Kirumba, uliza baraza yenye mabenchi mawili. Bibi nimeshamwambia kuna dereva anakuja. Anauliza kama unaweza kusoma kwa sauti kubwa, maana sikio lake la kushoto nalo limeanza kuwa zito.